Mgonjwa asilazimike kuificha chupa ya mitishamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala ulioendelea kwa majuma kadhaa sasa katika kurasa hizi, ambapo msomaji mmoja alitaka dawa zote za mitishamba zipigwe marufuku, na mwingine akamjibu kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vinavyotumaliza na kwamba wazee wetu waliishi miaka mingi bila kuvijua. Barua zote mbili nimezisoma zaidi ya mara moja. Mimi ni muuguzi mstaafu, niliyetumikia zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya hapo nililelewa na bibi mzaa mama aliyekuwa mkunga wa jadi, ambaye uani kwake ulikuta mwarobaini, mpera, mshubiri, kivumbasi na mchaichai. Moshi wa mafiga ya bibi naujua, na harufu ya spiriti katika chumba cha sindano naijua pia. Nikiulizwa ni kipi kilichowadhuru zaidi wagonjwa waliopita mikononi mwangu, kati ya mitishamba na vidonge, jibu langu ni kwamba kilichowadhuru zaidi ni kufichana.

Wakati wa masika ya mwaka mmoja, katika zahanati ya kijijini ambayo sitaitaja, aliletwa mtoto wa miezi kama kumi na minne aliyekuwa akiharisha tangu juzi yake. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na nilipoivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili ilibaki imesimama kidogo kabla ya kurudi mahali pake, dalili ambayo kila muuguzi anaijua na haipendi. Nilimuuliza mama amempa nini nyumbani, akasema hajampa kitu. Nikamuuliza tena, akasema uji tu. Tukaanza kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, lakini kuharisha hakukupungua, bali kulizidi kana kwamba kuna mtu anayekuchochea. Ilipofika saa tisa alasiri mama alifungua khanga ili amfute mtoto, ikaanguka chupa ya plastiki ya nusu lita iliyobaki na dawa ya rangi ya kahawia kiasi cha robo, mdomo wake umezibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni kilichosokotwa. Niliinusa, kisha nikaionja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa shubiri.

Utomvu wa manjano unaochuruzika jani la mshubiri linapokatwa ni dawa kali ya kuendesha tumbo, na kwa mtu mzima aliyefunga choo umetumika kwa karne nyingi katika nchi nyingi. Mtoto yule alikuwa anaharisha. Kila tulichomwingizia kwa kijiko, chupa ile ilikuwa inakitoa, kwa sababu mama alikuwa akimpa funda moja kila nilipogeuka kumhudumia mgonjwa mwingine. Alifanya hivyo kwa mapenzi ya mama kwa mwanawe. Aliyemuuzia alimwambia kwamba ni dawa ya tumbo, na tumbo ndilo lililokuwa linamtesa mtoto.

Nilimfokea. Nilimfokea kwa sauti, mbele ya foleni nzima, nikamwambia maneno ambayo leo nisingependa kuyaandika gazetini. Mtoto, tunamshukuru Mungu, alipelekwa hospitali kwa pikipiki, akatundikiwa dripu na akapona. Lakini mama yule hakukanyaga tena zahanati ile muda wote niliokuwapo, na wanawake wengine waliokuwa wameketi kwenye benchi walijifunza kutoka kwangu jambo moja tu siku ile, nalo ni kwamba muuguzi huyu haonyeshwi chupa. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila niliyemuuliza kuhusu mitishamba alinijibu kwamba hatumii, na mimi katika ujinga wangu nikaandika daftarini kwamba hatumii.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu waandishi wote wawili wa barua zilizotangulia wanabishana kana kwamba kuna watu wa mitishamba na kuna watu wa hospitali. Mimi sijakutana nao. Niliokutana nao ni watu wanaotumia vyote viwili, mara nyingi siku hiyohiyo, tena mara nyingine katika saa hiyohiyo, na hawaoni ajabu. Asubuhi mtu anakunywa maji ya mwarobaini kwa homa, mchana anapima malaria kituo cha afya, jioni anameza dozi ya kwanza ya dawa mseto ya malaria na usiku anajifukiza nyungu. Kumwambia mtu huyo achague upande ni kumfundisha kudanganya.

Niseme pia kwamba dawa ya bibi yangu na dawa ya chupa ile hazikuwa kitu kimoja, ingawa zote zinaitwa za asili. Bibi hakujua kusoma, lakini alikuwa na masharti. Majani ya mpera kwa ajili ya tumbo la kuharisha aliyachuma machanga, ya ncha, akayachemsha mpaka maji yakawa na rangi ya chai, akapima kwa kikombe cha kahawa na wala si kwa glasi. Mtoto mchanga hakumpa chochote zaidi ya ziwa la mama yake. Shubiri hakumpa mjamzito hata kama angelia machozi, na sisi wauguzi tulipofundishwa chuoni kwamba dawa kali za kuendesha tumbo hazimfai mwenye mimba, mimi nilikuwa nimeshalisikia jambo hilo jikoni. Alikuwa na hesabu ya siku vilevile: lisipotulia siku ya tatu, alikufunga khanga begani na kukusindikiza mwenyewe hospitali. Leo ningemwomba bibi apunguze siku hizo, maana homa ya mtoto wa chini ya miaka mitano haifai kupita saa 24 bila kupimwa malaria, na mtoto anayeharisha anaweza kukaukiwa maji katika muda wa mchana mmoja. Hata hivyo alikuwa na kikomo, alimjua mgonjwa wake kwa jina la mama yake, na kesho yake asubuhi alipita kumwangalia.

Anayeuza kwenye kituo cha mabasi hana kikomo wala kesho. Anapanda basi Segera, anashuka Korogwe, na katikati ya vituo hivyo viwili chupa moja imeshatibu presha, kisukari, bawasili, chango la uzazi, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Chupa haina jina la mmea, haina kipimo kinachoeleweka, haina tarehe, na haisemi ni nani asiitumie. Huko nje imebainika mara nyingi, katika nchi mbalimbali, kwamba baadhi ya dawa zinazotangazwa kuwa ni mizizi mitupu ya kuongeza nguvu za kiume zimechanganywa na sildenafili, ambayo ni dawa ya dukani na ni hatari kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti. Mnunuzi anadhani amekimbia kemikali, kumbe ameinunua bila kuelezwa kiasi chake.

Sasa niwageukie wale wanaosema kwamba mitishamba ni mambo ya gizani yasiyohusiana na tiba ya kisasa. Nawaalika Muheza. Wapande milima ya Usambara Mashariki mpaka Amani, wakaangalie bustani ya mimea ambayo Wajerumani walianza kuipanda mwaka 1902. Miongoni mwa miti waliyoileta huko ni mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, dawa kutoka Ulaya zilipokosa njia ya kufika, magome ya mkwinini yalitumika kuwatengenezea askari wa Kijerumani kwinini, na waliokosa vidonge walikunywa maji ya magome yaliyochemshwa, machungu kupita kiasi. Hiyo ni dawa ya mitishamba kwa kila maana ya neno hilo, na iliyokuwa ikinywewa hapa kwetu na wazungu. Tofauti ni kwamba tangu mwaka 1820, wanakemia wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, walipofanikiwa kuitenga kwinini kutoka kwenye gome, ikawezekana kumpimia mgonjwa dawa hiyo kwa uzito badala ya konzi ya mkono, na ikajulikana kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinamziba mtu masikio au kumletea madhara makubwa zaidi.

Kisa cha dawa mseto kinafundisha zaidi. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mtafiti Tu Youyou akapewa kazi ya kupekua maandiko ya tiba asili ya Kichina. Mmea wa artemisia ulikuwa umetajwa kuwa unatibu homa za vipindi, lakini maabara ilipoujaribu, matokeo yalikuwa leo mazuri, kesho hakuna kitu. Katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 akakuta maelekezo ya kuloweka konzi ya mmea huo katika maji, kuukamua na kunywa maji yake, bila kuuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio unaoiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka katika joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililowaangamiza vijidudu vya malaria katika wanyama wa maabara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Nchi yetu, baada ya kuiacha dawa ya malaria ya klorokwini mwaka 2001 na kutumia nyingine iitwayo SP kwa miaka michache, iliingia kwenye dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2006, na moja ya dawa mbili zilizomo katika kidonge hicho cha manjano inatokana na mmea ule.

Baadhi ya watu wamesikia habari hizi nusu na sasa wananywa chai ya majani ya artemisia badala ya dawa mseto, wakisema si ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, jumla vidonge 24, na kila kidonge kina kiasi kilekile cha dawa pamoja na dawa ya pili inayomalizia vijidudu vilivyobaki. Kiasi cha dawa katika majani hubadilika kulingana na mbegu, udongo, siku ya kuvuna na namna ya kukausha, na mtu akinywa kidogo hupata nafuu kwa siku chache huku vijidudu vilivyonusurika vikizoea. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kutibu malaria wala kuikinga, na kwa mtu aliyeona klorokwini ikishindwa mbele ya macho yake, kama nilivyoiona mimi, tahadhari hiyo si maneno ya kitabuni.

Hapa kuna jambo la degedege ambalo siwezi kulipita. Ukanda wetu wa pwani kwa miaka mingi umeshikilia kwamba mtoto mwenye degedege hachomwi sindano, kwa kuwa akichomwa atakufa, na kwamba atangulizwe kwa mganga apozwe kwanza. Nimewaona watoto wakiletwa siku ya tatu ya kutapatapa, mwili umepakwa dawa, na wengine hawakufika asubuhi. Kisha watu wakasema, mnaona, sindano imemuua. Sindano tunayomchoma leo mtoto mwenye malaria kali ni ya artesunate, nayo imetokana na artemisia ileile. Mtoto anazuiwa asiguswe na sindano ili apate dawa ya mmea, na dawa ya mmea imo ndani ya sindano! Natamani kila mganga wa jadi wa pwani angeelezwa habari hiyo kwa upole na kwa Kiswahili chake, kwa kuwa yeye ndiye anayemwona mtoto yule siku ya kwanza.

Kwa maradhi madogomadogo sina ugomvi na jiko la nyumbani, na simwelewi mtu anayeugombeza. Mtu mwenye kichefuchefu akitafuna tangawizi anafanya jambo lenye maana. Kikohozi cha kawaida cha mtoto aliyezidi mwaka mmoja hutulizwa na kijiko cha asali wakati wa kulala, tena vizuri kuliko dawa nyingi za maji zinazouzwa kwa bei kubwa. Ila aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzizuia. Karafuu kwenye jino linalouma inafanya kazi, na daktari wa meno mwenyewe hutumia yujenoli, mafuta yaliyomo katika karafuu, anapochanganya dawa ya kuzibia jino kwa muda. Lakini jino lililooza linabaki limeoza, na nimewahi kumpokea mtu aliyetuliza jino kwa karafuu wiki sita mpaka taya likavimba. Majani ya mpera yana ukakasi unaoweza kupunguza kuharisha kwa mtu mzima; kinachomwokoa mtoto ni maji, yaani lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, pamoja na vidonge vya zinki kutoka zahanati. Kuhusu mwarobaini, jina lake linadai magonjwa arobaini, nami nimewauliza wazee wengi wanihesabie na hakuna aliyewahi kuvuka kumi na mbili bila kuanza kurudia. Majani yake kwa kuogea mwenye upele sijayaona yakimdhuru mtu. Mafuta ya mbegu zake ni jambo jingine, kwani yaliwahi kuripotiwa kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Wapo watakaosema kwamba muuguzi anaona kibanzi cha mitishamba tu. La hasha. Katika maduka ya dawa nimesimama nyuma ya watu wanaoomba vidonge vinne vya rangi mbili kwa ajili ya mafua, wakapewa bila kuulizwa neno, ilhali mafua yanaletwa na virusi na antibayotiki haivigusi. Vidonge vinne vya namna hiyo si dozi kamili. Ni mazoezi tunayowapa bakteria. Mwenye maumivu ya mgongo anameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, miezi mitatu mfululizo juu ya tumbo tupu, kisha anakuja anatapika damu, na huyo hakunywa mzizi hata mmoja. Panadoli inayoaminiwa kuliko dawa zote inaweza kuharibu ini la mtu anayevuka vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Kama kufichana ni kosa la mgonjwa wa mitishamba, kutouliza ni kosa la kaunta ya dawa.

Hatari kubwa zaidi ninaiona katika maradhi yasiyouma. Jirani yangu, fundi cherehani, mtu mchangamfu aliyenishonea sare zangu kwa miaka, alikuwa na presha ya juu na dawa zake zilikuwa zimeidhibiti vizuri. Mtu akamshauri kitunguu saumu na maji ya mlonge. Akavitumia, akajisikia vizuri, kwa sababu mwenye presha mara nyingi hujisikia vizuri, akaacha vidonge na hakumwambia daktari kwa kuogopa kugombezwa. Kliniki alikwenda mara moja, akaandikiwa dawa zilezile, akaziweka kabatini. Kiharusi kilimkuta kwenye cherehani. Mkono wa kulia haukurudi tena, na nilipokwenda kumtazama nilizikuta dawa zile zimepangwa vizuri kwenye kopo la biskuti, hakuna hata kidonge kimoja kilichoguswa. Kama angesema, pengine angeambiwa ale kitunguu chake kwenye mchuzi na aendelee na vidonge, na mambo yangeishia hapo. Kwa mwingine jibu lingekuwa tofauti: anayetumia varfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu akizidisha kitunguu saumu, hasa kile cha vidonge, na daktari hawezi kumwonya kama hajui.

Taifa zima liliwahi kuliona jambo hilo kwa ukubwa wake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, marehemu sasa, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Wengine walitolewa wodini kupelekwa huko, na wengine waliacha dawa za kifua kikuu, za kisukari na za kupunguza makali ya VVU. Mimi silaumu waliokwenda, kwa kuwa mtu mwenye maradhi yasiyopona hulifuata tumaini hata likiwa nyuma ya vumbi la Ngorongoro. Kilichonisikitisha ni wale waliorudi wakaona haya kuja kuendelea na dawa, wakahofia kuchekwa dirishani.

Sheria tunayo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalowasajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya kuchunguza kama dawa ina sumu. Na pale Muhimbili utafiti wa mitishamba ulianza katika kitengo kilichoundwa mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi kamili ya tiba asili. Kwa hiyo mganga aliyesajiliwa, mwenye dawa iliyopimwa na yenye lebo, hapaswi kuwekwa kapu moja na mwenye kipaza sauti stendi. Wanaoandika kwamba vyote vipigwe marufuku wanamfukuza mtu anayekubali kukaguliwa na kumwachia uwanja yule asiyekubali. Vyombo vya habari navyo, Ndugu Mhariri, likiwamo gazeti lako, vijiulize ni mara ngapi tangazo la dawa ya maradhi kumi limepita kurasani au hewani bila namba ya usajili.

Tuwe wakweli pia kuhusu sababu zinazompeleka mtu kwa mganga. Zahanati inaweza kuwa mwendo wa saa mbili, na akifika anaambiwa dawa zimekwisha akanunue mjini. Mganga yuko mtaa wa pili, anakubali kulipwa kuku baada ya mavuno, na anamkalisha mtu mkekani akimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi, nikiwa na wagonjwa themanini wa siku moja, sikuliweza. Hapahapa mkoani Tanga, katika miaka ya 1990, kikundi kinachojulikana kwa kifupi TAWG (Tanga AIDS Working Group) kiliwakutanisha madaktari na waganga wa jadi katika kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Waganga wakafundishwa kumtambua mgonjwa wa kumwahisha hospitali, nao wahudumu wakafika majumbani wakiwa na mitishamba ya kuwapa nafuu wagonjwa wakati ambapo dawa za VVU hazikuwa zimewafikia wananchi. Hakuna upande uliopungukiwa heshima.

Ombi langu kwa wakubwa wa sekta ya afya ni dogo na halihitaji bajeti. Kwenye daftari la mgonjwa wa nje pawekwe mstari wa dawa alizotumia nyumbani, na vyuo vyetu vifundishe namna ya kuuliza. Mimi ilinichukua miaka kuipata. Nilipokuwa nauliza, umetumia mitishamba, jibu lilikuwa hapana. Siku moja, bila kupanga, nikamuuliza mama mmoja, nyumbani mmeanza na nini? Akajibu papo hapo, tumeanza na majani ya mpera, halafu jana tukampa mzizi kutoka kwa babu yake. Swali la kwanza lilikuwa na fimbo ndani yake, na la pili lilichukulia kwamba mama mwenye akili, mtoto akiugua usiku, hawezi kukaa bila kumfanyia chochote. Tangu siku hiyo chupa zikaanza kutoka mikobani zenyewe, nami nikajizoeza kuipokea kila moja kwa mikono miwili, kuiuliza habari zake, na ndipo nikasema la kusema.

Mwarobaini wa uani kwangu bado upo, na kila wiki kuna mtu anayebisha hodi kuomba majani. Simnyimi, ila namuuliza ni ya nani, ana umri gani, anaumwa tangu lini, na ndani ya nyumba kuna dawa gani nyingine. Juzi kijana mmoja alisema ni ya mama yake mwenye homa na baridi tangu Jumapili. Nilipofika kwenye swali la nne akanyamaza, akasema mama ana vidonge vya sukari lakini ameviacha tangu alipoanza kunywa dawa ya chupa. Nilimwambia akamlete mama, na chupa aje nayo. Aliirudisha imefungwa kwenye karatasi ya gazeti, tukapakizana bodaboda mbili kwenda kituo cha afya, na muuguzi kijana aliyetupokea aliifungua, akainusa, akauliza mama alikuwa anakunywa kiasi gani.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga.